Kizunguzungu cha Mama Mogire

Uji wa shule nzima haupikwi na mtu anayeogopa kuinama. Orpah, ambaye kila mtu alimwita Mama Mogire, aliogopa kuinama tangu mwaka jana, lakini uji haukuwa na habari hiyo. Alishika nguzo ya jikoni kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akakoroga kwa mwiko mrefu kama kasia, macho yakiwa yamekwama kwenye msumari mmoja ukutani. Akiuacha msumari, jiko, sufuria na moshi vingeanza kumzunguka, yeye katikati kama mlingoti wa bendera.

Sikio ndilo lililoanza. Aliugua homa, sikio la kushoto likavuma kutwa kucha, na lilipotulia, dunia nayo ikakataa kutulia. Hospitali ya Migori walimtibu malaria, halafu presha, halafu malaria tena, maana malaria haijawahi kukataa kutibiwa. Mwishowe alitumwa Homa Bay kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mwembamba aitwaye Lynnet, ambaye hakumwandikia hata kidonge kimoja.

"Mama, sikio lako linaudanganya ubongo," Lynnet alimwambia. "Sasa tutaufundisha ubongo kutoliamini. Inua kidole gumba hivi, kikazie macho, kichwa ukigeuze kushoto, kulia. Halafu utembee kwa mstari, kisigino kikigusa vidole. Mwanzoni utasikia vibaya zaidi. Hapo ndipo watu huacha. Wewe usiache."

"Na nikianguka?"

"Tembea kando ya ukuta, na mtu awe karibu. Lakini usijifungie kitandani. Ukilala, kizunguzungu nacho kinalala na wewe, na kesho mnaamka wote wawili."

Ndiyo sababu kila asubuhi, maji yakisubiri kuchemka, Mama Mogire aliingia stoo, akainua kidole gumba na kutikisa kichwa mbele ya magunia ya mahindi. Stoo ilikuwa na dirisha. Na katika shule ya bweni, hakuna dirisha lisilo na mvulana.

Asubuhi moja, kwenye paredi, kidato cha tatu kizima kiliinua vidole gumba na kutikisa vichwa kwa unyenyekevu wa kanisani. Bwana Obare, naibu wa mwalimu mkuu, alikuwa katikati ya hotuba kuhusu nidhamu. Akaikatiza.

"Hiyo ni nini?"

"Ni maombi, sir," akajibu Valentine, mvulana ambaye uso wake haukuwahi kukutwa na hatia. "Mathe wa jikoni ndiye ametufunza. Akimaliza, anatembea akishika ukuta."

"Mathe huwaka asubuhi na mapema," sauti ikanong'ona kutoka nyuma. "Chang'aa kabla ya chai." Paredi yote ikacheka.

Mama Mogire akaitwa. Alikuja na aproni yake, kiganja kikiteleza ukutani. Alikuwa ametoka tu kumaliza mazoezi na kutia unga kwenye maji, na kichwa kilikuwa bado kinayumba kama maji ndani ya beseni.

"Mama, umekunywa?"

"Mimi ni Msabato, mwalimu. Hata majani ya chai sigusi."

"Sijauliza kanisa. Nimeuliza kama umekunywa."

"Ni sikio. Nilikueleza nikiomba ruhusa ya Homa Bay."

"Ruhusa ya kila Jumanne. Jumanne watoto wa watu wale sikio lako?" Wavulana wakacheka tena, naye Bwana Obare akapata nguvu. "Twende uwanjani."

Uwanja wa mpira wa kikapu ulikuwa na mstari mweupe. Bwana Obare akauonyesha kwa fimbo. "Tembea hapo, kisigino kwa vidole. Mlevi hawezi."

Mama Mogire akautazama mstari. Lilikuwa zoezi lile lile la Lynnet, ila Lynnet alimpa ukuta. Hapa alipewa shule nzima.

"Naomba mtu mmoja tu asimame kando yangu."

"Mtu aliye sawa hashikwi mkono."

Akaukazia macho ubao wa goli, akaanza. Nusu ya njia alikwenda vizuri, mpaka vicheko vikaanza kupungua. Kisha saruji ikainama kama mtumbwi. Mguu ukatoka mstarini, akaanguka kwa magoti na viganja. Kicheko kimoja kilichochelewa kikasikika, kikajionea aibu, kikakoma. Valentine alikuwa anatazama viatu vyake.

"Basi," Bwana Obare akasema, kwa upole wa mtu aliyeshinda. "Leta aproni. Nenda nyumbani ulale. Ukipona kabisa, urudi tuone kama nafasi ipo."

Mama Mogire akafungua kamba akiwa bado chini, akampa. Alale. Kati ya yote, kulala ndiko alikokatazwa. Na bila kazi, nauli ya Homa Bay angeitoa wapi?

Akainuka. Wavulana wakampisha, wakidhani anaelekea langoni. Akarudi mwanzo wa mstari, akavua malapa, akaweka kisigino mbele ya vidole.

"Mama, nimesema uende."

"Nimesikia, mwalimu. Sijamaliza zoezi."

Upepo ukaleta harufu kutoka jikoni, nzito, chungu.

"Nani anaangalia uji?" Bwana Obare akauliza.

Wavulana waliitazama aproni iliyokuwa mkononi mwake. Mama Mogire hakugeuka. Aliyumba, akatoka nje ya mstari, akarudi mwanzo, akaanza tena.