Kifungu cha Watahini

Saa tatu asubuhi, walimu wa vyuo vyote vya ufundi vilivyoungana walikuwa wameketi kikaoni. Katika kanuni za pamoja za mitihani kilibaki kifungu kimoja cha kupitisha: mwalimu asimtahini mwanafunzi wake.

"Vijana wangu nawajua mimi," alisema mwalimu wa uchomeleaji.

"Kaka, kinyozi hajinyoi," alijibu mwenyekiti, dada yake wa tumbo moja.

"Mimi hujinyoa."

"Tunaona," alisema mwalimu wa ushonaji, akikitazama kipara cha mchomeleaji chenye mikwaruzo. Wote walicheka isipokuwa mwenye kipara.

"Mwanao yuko darasani kwangu, dada. Mgeni atamwangusha."

"Akianguka atarudia. Ngazi atakayoiunga itapandwa na watu, na haitauliza mjomba wake ni nani."

Kaka alimwonyesha dada yake karatasi. "Basi andika mtahini akibane kiungo kilichochomelewa kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akipinde. Asikitazame kwa macho tu."

Dada aliandika, akakisoma kifungu kwa sauti. Kilipita.

Wiki iliyofuata, mwalimu wa chuo kingine alikibana kiungo cha yule kijana, akakipinda. Kilivunjika. Mama yake, mwenyekiti, alitia saini matokeo, kijana akarudi kwa mjomba wake kuanza upya.