Mji Aliopewa Bi Fathia

Bi Fathia hakuja kutazama treni. Alikuja kutafuta hoteli yake.

Mjukuu wake Leila ndiye aliyempasha habari: Muiruri, fundi wa reli aliyestaafu, amegeuza stoo yake hapa Isiolo kuwa makumbusho. Ameijenga kaunti nzima juu ya meza, vilima vya karatasi, mbuzi kama punje za mchele, na garimoshi dogo la kuzunguka kote. Basi Bi Fathia akavaa buibui jipya. Miaka thelathini alikuwa amewapikia chai madereva wa malori kule Merti, na hoteli ilipobomolewa hakubaki hata na picha yake.

Alipofika stoo akaiinamia Merti ya mezani mpaka pua ikakaribia kugusa miti. Msikiti ulikuwepo. Hata punda. Hoteli, wapi. Palipokuwa jiko lake pamepita reli.

"Mzee Muiruri," akasema, "treni haijafika Merti hata siku moja, nawe umeipa njia. Mimi niliyekaa huko miaka thelathini umeninyima mlango?"

Muiruri akajitetea kwa adabu kwamba nafasi imekwisha, na reli ikikunjwa sana garimoshi litaanguka. Leila akamvuta nyanyake mkono waende zao. Bi Fathia akaketi.

"Kitendawili."

"Tega," Muiruri akajibu kabla hajafikiri.

"Akienda mtoni anapiga ngoma, akirudi yuko kimya."

Muiruri akataja garimoshi, akataja lori, akamtaja hata mkewe. Mwisho akashindwa.

"Basi nipe mji."

Akampa Nairobi, akakataa, una fujo. Akampa Mombasa, joto. Isiolo akasema anao tayari. Ndipo Muiruri alipoona kidole cha mama kimelala wapi pale mezani, akacheka mpaka akavua miwani.

"Haya mama, chukua Merti."

"Nilienda Merti," akaanza, kama inavyompasa aliyepewa mji, "nikakuta treni imekalia jiko langu. Nikaiambia isogee. Na jibu lako ni jerikeni mgongoni mwa punda."

Muiruri akachukua bisibisi. Reli ikasogea upana wa vidole viwili, kikapachikwa kiberiti kilichokatwa mlango. Garimoshi likafika kwenye kona mpya, likaanguka. Likainuliwa, likaanguka tena. Mara ya tatu Muiruri akalisimamisha kabisa kabla ya kona, mbele ya kile kiberiti.

"Hapo sawa," Bi Fathia akasema. "Wacha abiria wanywe chai kwanza."

Wageni waliosimama nyuma wakauliza litaondoka saa ngapi. Muiruri akawaambia wamwulize mwenye mji.