Kizibao cha Kola

Fundi alikuwa na kawaida moja iliyomjazia wateja: kila sare ya shule aliyoshona, aliiachia pindo nene kwa ndani, vidole vitatu vizima. "Mtoto huyu anakua, mama," alikuwa akisema, pini kazibana midomoni. "Ikimbana, nirudishie nifumue."

Kumbe wa kukua alikuwa binti yake mwenyewe, tena si mchezo! Miaka tisa, darasa la tatu, kifua kimeshajaa na ungo ameshavunja, wenzake ndiyo kwanza wanang'oka meno. Akifika getini, wanapanga mstari na kuinamisha vichwa.

"Shikamoo, Mama Mkubwa!"

Kicheko hapo, hadi mlinzi anajifuta machozi.

Binti aliposimulia nyumbani, fundi alikata uzi kwa meno. "Na wewe unakula kama unashindana. Punguza." Alitania tu. Mtoto hakusikia utani.

Jumapili akamshonea kizibao cha kuvaa ndani ya shati, kwa kile kitambaa kigumu cha kukazia kola, mishono miwili miwili. "Toa pumzi yote. Hapohapo!" Akafunga vifungo, kifua kikalala bapa. "Umeona? Umerudi kuwa mtoto."

"Nikitaka kupumua, mama?"

"Pumua kidogo kidogo. Mwakani wenzako watakufikia."

Na shikamoo zikaisha kweli. Mtoto akawa anarudi na chakula chake hakijaguswa, anajitupa kitandani kifudifudi, hasemi na mtu. Fundi akawatambia wateja: "Wangu ametulia jamani, hata hasikiki!"

Alhamisi moja, miezi baadaye, wakati wa mbio, binti akaanguka puu. Mwalimu wa michezo akambeba hadi zahanati, fundi akaitwa, akafika na futi yake ya kupimia nguo bado shingoni.

Muuguzi alikuwa ameshakikata kizibao kwa mkasi. Mbavuni mwa mtoto alama nyekundu zimejipanga, mshono kwa mshono.

"Nani alishona hiki?" muuguzi aliuliza. "Kazi safi mno."

Fundi akaivua futi shingoni, akaikunja kiganjani.

"Kuwahi kukua wala si ajabu, mama, nawaona wengi. Kinachonitisha si kifua. Nimemuuliza anatamani nini, akaniambia kulala asiamke. Kesho asubuhi mlete, aonane na mshauri. Na leo usimwache peke yake."

Nyumbani, binti akiwa amelala mbele ya macho yake, fundi alikigeuza kizibao ndani nje, kwa mazoea tu, vidole vikitafuta pindo. Hakukuwa na pindo. Watoto wa watu wote aliwaachia vidole vitatu. Wa kwake, hata kimoja.

"Utakishona leo?" sauti ikatoka kitandani.

"Hukivai tena, mwanangu. Nilikosea mimi, si wewe."

Mtoto, ambaye kwa miezi hakutoa hata chozi, akaanza kulia.

"Sasa nitajificha wapi, mama?"