Kabla ya Sura ya Saba

Nilipochaguliwa kusomea ualimu wa Kijerumani wa sekondari, mjomba alicheka mpaka akapaliwa na chai. "Kiswahili chenyewe hujakimaliza, unakwenda kuwasumbua Wajerumani?" Mama hakucheka. Alikuwa fundi cherehani, na mtu mwenye pini mdomoni hacheki ovyo. Alizitoa moja moja, akamwambia mdogo wake, "Mwache mwanangu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

Mwaka wa tatu tukaanza kujiandaa kwa mazoezi ya kufundisha. Mhadhiri wetu wa mbinu, tuliyempachika jina la Bi Kengele, alikuwa na sheria moja: ndani ya kipindi, Kijerumani tu. Mwanafunzi akikusemesha kwa Kiswahili, wewe ni kiziwi. Angekuja kutukagua madarasani, na atakayejibu kwa Kiswahili angekatwa alama kumi papo hapo.

Sikuwa na darasa la kufanyia majaribio, basi nikamfanya Mama darasa. Kila Jumamosi alasiri alifunga kazi dukani kwake, akageuza kiti cha cherehani kikatazama kabati, nami nikaandika kwa chaki kwenye mlango wa kabati. Alijinunulia daftari. Alinyoosha kidole kabla ya kusema, ingawa darasa zima lilikuwa yeye peke yake. Aliniita Frau Lehrerin, yaani Bi Mwalimu, kwa sauti ya kunibembeleza kama mteja anayedai gauni lake la harusi. Akiteleza akasema Kiswahili, nilimkatiza: "Auf Deutsch, bitte." Kwa Kijerumani, tafadhali. Nililisema hilo mara ishirini kwa kipindi. Nilijiona mwalimu kwelikweli, na nikikumbuka sauti yangu ya siku zile natamani kuizaba kofi.

Jumamosi moja tulikuwa sura ya sita, kununua vitu dukani. Katikati ya somo Mama akanyoosha kidole. Mkono wa pili ulikuwa kifuani.

"Mwanangu, hapa leo..."

"Auf Deutsch, bitte."

"Hebu subiri kwanza. Tangu asubuhi hapa..."

Nikaziba masikio kwa vidole, huku natabasamu, kiziwi kamili kama nilivyofundishwa. Alinitazama kidogo. Kisha akacheka, akateremsha mkono, akauliza bei ya nyanya kwa Kijerumani kilichonyooka. Nikampigia makofi.

Wakati wa chakula nilikumbuka, nikamuuliza alitaka kusema nini.

"Nitakwambia Jumamosi, Bi Mwalimu, nikishajua kukisema kwa Kijerumani," alinitania.

Tukacheka wote wawili, nikarudi kwenye makaratasi yangu. Jumatano aliazima kitabu changu, nami nikafurahi kwamba mwanafunzi wangu ana bidii. Jumamosi ilipofika niliahirisha kipindi. Nilikuwa na maandalio ya masomo kumi na mawili ya kumpelekea Bi Kengele, na kuishi naye Mama nyumba moja kulinifanya nidhani Jumamosi haziishi.

Jumatatu alianguka dukani kwake, kitambaa cha mteja kikiwa bado chini ya sindano. Daktari alisema moyo ulikuwa umemsumbua siku kadhaa. "Angefika mapema," alianza, kisha akaacha. Mazikoni mjomba alinishika bega akasema, "Dada yangu alikuwa mtu wa siri. Hakumwambia mtu." Sikumsahihisha. Nilikuwa mwoga, na bado ni mwoga, kwa maana mpaka leo mjomba anaamini hivyo.

Wiki tatu baadaye nilisimama mbele ya kidato cha kwanza, Bi Kengele amekaa nyuma na karatasi yake. Ratiba haina huruma. Siku hiyo ilikuwa sura ya saba, mwili na maumivu. Nilikuwa nimejaza ubao. Mambo yalikwenda vizuri mpaka msichana wa mstari wa pili aliponyoosha kidole, mkono mwingine umebana tumbo.

"Mwalimu, tumbo linaniuma."

Wenzake wakaguna kwa kicheko, maana sheria waliijua. Mmoja akamnong'oneza, "Auf Deutsch, bitte." Nikaweka chaki chini, nikaenda nikachuchumaa kando ya dawati lake.

"Linakuuma wapi, mwanangu? Tangu lini?"

Hakuna aliyecheka tena. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamtuma kiranja ampeleke kwa muuguzi, nikarudi ubaoni.

"Sheria uliijua," Bi Kengele aliniambia baada ya kipindi. "Na sentensi aliyoihitaji ilikuwa ubaoni, nyuma yako."

"Niliijua, mwalimu."

Alikata alama kumi. Kwa alama hizo nikashindwa. Mwakani nitarudia mazoezi yote, na sina kinyongo naye.

Jioni hiyo ndipo nilipopata moyo wa kufungua daftari la Mama. Sura ya sita iliishia kwenye nyanya. Ukurasa uliofuata alikuwa ameandika mwenyewe "Sura ya 7", na tarehe ya Jumamosi ile niliyoahirisha. Alinakili shingo, bega, kifua, kiuno, vilevile alivyoviorodhesha akimpima mteja, na mbele ya kila kimoja neno lake la Kijerumani. Chini kabisa, kwa mwandiko wa taratibu, palikuwa na sentensi moja: Frau Lehrerin, mir tut die Brust weh.

Bi Mwalimu, kifua kinaniuma.

Nilichukua kalamu nyekundu, nikaisoma neno kwa neno nikitafuta kosa. Sikuona hata moja.