Milimita Tisa

Shimba alikuwa mtu wa jembe na wa neno moja. Watu wa upande ule wa Misungwi walimwekesha mbegu zao, naye hakuwahi kumrudishia mtu kibaba pungufu. Mwanawe, Ndalahwa, alisoma hadi darasa la nane, akawa karani wa chama cha ushirika cha pamba, na ndiye aliyekabidhiwa kipimo cha mvua: kopo refu la shaba lililosimikwa nyuma ya nyumba, faneli juu, chupa ndani, pamoja na bilauri ya kioo yenye mistari ya milimita. Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, alimimina maji ya chupa katika bilauri, akasoma, akaandika daftarini, kisha akayamwaga. Siku ya ukavu aliandika sufuri. Nafasi tupu hakuiacha kamwe. Alipofariki, kazi ilimwangukia mwanawe wa kwanza, Luhende, ambaye sasa ni mwalimu mstaafu, naye ameishika kwa miaka thelathini na minne.

Luhende aliongeza jambo moja tu, nalo ni ubao mweusi langoni. Kila asubuhi aliandika hapo kwa chaki tarakimu aliyoisoma, na wakulima walipita kuitazama kabla ya kufunga nira. Kanuni waliijua wote: mvua ya kwanza ikiwa chini ya milimita ishirini, jembe likae darini. Redio na ujumbe wa simu hutabiri mkoa mzima, kuanzia Nansio hadi Busisi. Ubao ulisema kilichoanguka hapa.

Mwishoni mwa Oktoba, goti lilimpeleka Luhende hospitalini Mwanza, akalala huko siku moja. Kipimo alimwachia mjukuu wake Precious, binti aliyemaliza kidato cha sita na kusubiri kwenda chuo. Usiku huohuo mawingu ya ziwani yalisogea bara, mvua ikanyesha. Luhende aliporejea Jumanne jioni, aliukuta ubao umeandikwa ishirini na nne kwa mwandiko mzuri. Aliridhika, akalala.

Jumatano saa tatu alikwenda kwenye kipimo kwa mkongojo. Usiku ule mbingu zilikuwa kavu, hata umande haukuwapo. Alitarajia kuandika sufuri. Alipoinua faneli, aliona maji ndani ya chupa.

Alisimama kidogo. Kisha akayamimina katika bilauri, akaiinua usawa wa macho kama baba yake alivyomfundisha. Tisa. Hata ukiongeza kilichokauka kwa siku moja, kumi haifiki.

“Precious.”

“Abee, babu.”

“Jana uliisoma chupa?”

“Niliandika, babu. Ishirini na nne.”

“Sikukuuliza uliandika nini.”

Binti akazitazama kandambili zake. “Majani yalikuwa yamelowa, babu, sikutaka kulowesha miguu. Na ilinyesha kweli! Ilipiga bati mpaka nikashindwa kusikia simu. Nikafungua daftari, nikatafuta mvua iliyofanana nayo. Ile ya mwaka jana ilikuwa ishirini na nne.”

“Kwa hiyo umewaandikia watu mvua ya mwaka jana.”



Bilauri ilikuwa bado mkononi mwa Luhende. Zaidi yao wawili, hakuna aliyeiona. Angeyamwaga yale maji mchangani, na mchanga ungeyanywa, na jina la Ndalahwa lingebaki safi kama lilivyokuwa. Wakulima wangepanda, mbegu zikifa, wangelaumu mbingu, ambazo zimezoea kulaumiwa. Alilipima hilo kwa muda mfupi, kisha akaiweka bilauri juu ya nguzo ya uzio, maji yakiwa ndani.

“Chukua hiyo, na usimwage hata tone. Tunakwenda shambani kwa Rebeka.”

Rebeka alikuwa mjane, na ndiye aliyekuwa wa kwanza katika zamu ya ng'ombe mwaka ule. Mbegu yake ilikuwa debe moja tu la mahindi, wala hakuwa na jingine. Walimkuta akitembea nyuma ya plau, akidondosha punje katika mfereji. Mhoja, mwenye ng'ombe, aliwaona kwa mbali.

“Ebo! Mwalimu amekuja kukagua matuta? Shikamoo, mwalimu!”

“Marahaba. Simamisha ng'ombe.”

“Niwasimamishe? Hawa wakisimama, kuwaondoa tena ni mpaka niwabembeleze kama mkwe.”

“Wasimamishe, Mhoja. Tarakimu ya ubaoni si ya kweli. Mvua ilikuwa tisa.”

Ng'ombe walisimama. Rebeka aliitazama ndoo yake, kisha akaitazama mistari aliyokwisha kuipanda. Ilikuwa kumi na saba.

“Tisa?” alisema taratibu. “Redio ilisema tusubiri, mwalimu. Ilisema baada ya mvua hizi litakuja jua la siku nyingi. Mimi nikasema, redio ni ya Mwanza mjini, nyumba ya Shimba ni ya hapa, na haijawahi kunidanganya.”

Neno lile lilimwingia Luhende, lakini uso haukubadilika.

“Basi goti lilikwenda hospitali, likaondoka na macho!” alisema Mhoja.

“Si babu,” Precious alisema. “Ni mimi, mama. Sikuitazama chupa.”

“Ulitazama nini?” Mhoja aliuliza.

“Nilisikia bati.”

Mhoja alicheka hata akashika mpini wa plau asianguke. “Bati! Jamani, wasomi wetu! Sisi tusiosoma tungepimia sufuria!”

Luhende alimngoja amalize. “Kipimo ni cha nyumba yangu, na kosa ni la nyumba yangu. Rebeka, mbegu iliyoingia ardhini ikifa, nitairudisha. Iliyobaki ndooni, ipeleke nyumbani.”

Rebeka aliichukua bilauri kwa Precious, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akafunika ndoo kwa kanga, akaondoka bila kuaga.

Adhuhuri, Precious alifuta ubao mbele ya watu waliokuwapo langoni, akaandika upya: Jumanne, tisa. Ile ishirini na nne haikupimwa. Daftarini babu yake alimwagiza apige mstari mmoja juu ya tarakimu ya uongo, usioificha, aandike ya kweli pembeni, kisha aweke sahihi yake. Ndilo kosa la kwanza katika daftari lile tangu enzi za Ndalahwa, na lingali humo.

Jua liliwaka siku kumi na sita. Mahindi ya mistari kumi na saba yalichomoza, yakajikunja kama uzi, yakafa. Siku zote hizo watu walipita langoni bila kugeuza shingo. Mvua ya kupandia ilikuja katikati ya Novemba. Asubuhi yake Mhoja alikuwa uzioni kabla ya saa tatu.

“Binti, umeiona chupa au umesikia bati?”

“Nimeiona. Ingia uione na wewe.”

Mhoja aliingia, akainama, akahesabu mistari ya bilauri kwa kidole. Thelathini na moja. Alikwenda kufunga nira bila mzaha wowote.

Luhende alifungua ghala. Akampimia Rebeka mbegu ya mistari kumi na saba, akiujaza kila mkebe mpaka punje zikamwagika ukingoni, kama Shimba alivyopima. Rebeka alipokea kwa mikono miwili. Lakini kabla ya kwenda shambani alipita kwanza langoni, akasoma ubao, kisha akazunguka nyuma ya nyumba kukitazama kipimo chenyewe. Tangu siku hiyo hupita kote kuwili.

Nanyi vijana, mlio na magoti mazima na macho mazima, sikieni na mshike: jina lililojengwa na watu watatu kwa miaka mingi, majani yenye maji asubuhi moja yalitosha kulitikisa. Mkikabidhiwa kipimo, nendeni mkakitazame. Lowesheni miguu.