Msiba wa Ganda

Siku ile mjinga alikuwa Uwesu, na tusimtafutie mwenzake. Wajinga wengine wote wa Nachingwea walikuwa mapumzikoni. Zamu ilikuwa yake.

Alifika Ruangwa asubuhi kwa pikipiki yake, bunda la vitabu limefungwa nyuma kwa kamba ya mpira, kifua mbele kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi. Alipokata kona kuelekea genge la Bi Mwanne, jirani na stendi, akaona mikeka imetandikwa. Wanawake wamejifunga khanga viunoni. Madereva wa bodaboda wamekaa chini, kofia ngumu mapajani, na hakuna anayecheka. Genge limefungwa. Moyo ukamshuka mpaka kwenye kandambili.

Akazima pikipiki mbali, akaikokota kwa adabu, akavua kofia. Bi Mwanne alikuwa ameinama, khanga imemfunika hadi puani, mabega yanatikisika.

"Poleni sana, Bi Mwanne. Mungu awape subira."

Bi Mwanne akatikisa kichwa tu. Uwesu akakaa mkekani, akaweka noti kwenye sahani ya rambirambi iliyokuwa katikati, na kwa kuwa ni mtu wa huruma za haraka, akaweka na machozi. Machozi ya kweli, ya kumlilia mtu asiyemjua. Alipokwisha kujifuta ndipo akamwinamia dereva wa boda aliyekuwa pembeni yake.

"Marehemu ni nani?"

"Ganda."

"Ganda yupi?"

"Yule wa Nambilanje. Si umemuua wewe mwenyewe?"

Mabega ya Bi Mwanne yakaacha kujificha. Khanga ikashuka, na mama wa watu alikuwa anacheka mpaka machozi yake yanashindana na ya Uwesu. Mkeka mzima ukaangua kicheko. Uwesu akaunyoosha mkono kwenye sahani aichukue noti yake, ukapigwa kofi ungali njiani.

"Rambirambi hairudi, mtani," Bi Mwanne akasema. "Umelia vizuri lakini. Nilikuwa nawaambia hapa kwamba muuaji hatalia. Nimeshindwa."

Bi Mwanne ni Myao, Uwesu ni Mmwera, na hao ni watani tangu enzi za mababu. Ukifiwa, mtani wako anakuja kukuchekesha utake usitake: atakalia kiti chako, atamkamata jogoo wako, atatembea kama marehemu alivyokuwa akitembea, na kununa huruhusiwi. Asubuhi ile hakuna aliyegusa dua wala sala, maana utani nao una mipaka yake. Lakini mikeka, sahani na sura za huzuni, hivyo vyote walivitoa bila ubahili.

Sasa, Ganda. Kwa asiyemjua, Ganda ni kijana aliyekuwa kibarua wa kubangua korosho, akaangukia kwenye pipa la mafuta ya maganda yake, yale yanayobabua vidole vya kina mama. Mwingine angekufa. Yeye akatoka na ngozi ngumu isiyopenywa na panga wala risasi, na nguvu za kubeba lori la magunia. Tangu hapo anapambana na Bwana Kangomba, mlanguzi anayenunua korosho za wakulima kwa vibaba kabla msimu haujafika. Toleo la tatu aliwasindikiza tembo wa Kilimarondo kutoka shambani mpaka porini, kwa maneno tu, na hakuna aliyemwona akimpiga hata mmoja.

Mwenye kumtunga alikuwa Uwesu, na Uwesu alikifikia kitabu baada ya kufukuzwa kwingine kote. Alilangua ufuta, bei ikaanguka siku aliyonunua. Aliuza mitumba, akaletewa robota zima la makoti ya baridi, Nachingwea. Alifungua kibanda cha kutengeneza simu, upepo ukaja kuchukua bati. Hakukasirika, alisema walau upepo umeonyesha nia ya kufanya biashara naye. Usiku wa siku hiyo akaanza kumwandika Ganda. Akamtafuta Semeni wa Nandagala, binti anayechora mabango ya saluni na maua kwenye vioo vya magari, wakawa wanatoa vijitabu vya katuni vya rangi nyeusi na nyeupe kwenye stesheneri, na Bi Mwanne anaviuza gengeni kati ya nyanya na dagaa.

Ila vijitabu vya toleo la saba na la nane vilirudi vingi bila kuuzwa. Uwesu akaingiwa na hofu ya mtu aliyeshafilisika mara tatu na anaijua harufu yake. Akaenda kulia shida kwa Mwalimu Gaudens, mtu wa Bukoba aliyepangiwa shule ya Nachingwea, mwenye sanduku la vitabu vya mashujaa wa Kimarekani.

"Wenzako kule," Mwalimu akamwambia, "shujaa akidorora sokoni, mwandishi anamuua. Watu wanakimbilia dukani. Baadaye anamrudisha."

Uwesu aliisikia vizuri sana nusu ya kwanza. Akarudi nyumbani, katika toleo la tisa akaliangusha ghala la korosho juu ya Ganda, na ukurasa wa mwisho akaandika kwa herufi kubwa: AMEKUFA. HARUDI. Akaurusha kwenye simu kwa kila mtu aliyemjua, ili kuwasha moto. Nafasi ya Ganda alikwisha kuipangia mtu mwingine: Kapteni Radi, kijana wa Dar, ana suti, ana joho, ana miwani. Semeni aliposikia hivyo akamjibu kwa neno moja kwamba hamchori. Bila Semeni hakuna kitabu, na bila kitabu Uwesu anarudi kwenye makoti ya baridi.

Ndiyo maana alipomwona Semeni ametokea nyuma ya genge, kashika vikombe vya chai, hakujua atabasamu au akimbie.

"Shikamoo, kaka Uwesu."

"Marahaba. Na wewe umo?"

"Mikeka ni ya nyumbani kwetu."

Alikuwa hajaja peke yake. Mama yake alikuwa amekaa ukutani, mwanamke mkimya ambaye Kiswahili anakisikia zaidi ya anavyokisema, mikono ameilaza mapajani. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwenye ncha, vimekomaa kama gome. Uwesu alikuwa ameviona mara nyingi na hajawahi kuviangalia. Siku ile aliviangalia, kisha akatoa toleo la tisa kwenye bunda, akaangalia mkono wa Ganda uliotokeza chini ya kifusi. Akakifunga kitabu.

"Ulivyoniambia nichore mtu mwenye ngozi isiyoungua, nilikuwa na huyu tu wa kumtazama," Semeni akasema. "Amebangua miaka yote ya kunisomesha. Kila toleo namsomea kwa Kimwera. Hili la tisa nilimsomea, akaniuliza nani amemzika."

"Semeni, ile ni hadithi. Na hadithi yenyewe haiuziki. Wewe si umeona vilivyorudi?"

Hapo madereva wa boda wakaangaliana. Mmoja akafunua kiti cha pikipiki yake, akatoa toleo la nane. Lilikuwa limechakaa mpaka pembe zimekuwa za mviringo, limebandikwa kwa plasta, jalada limeshonwa na uzi wa viatu.

"Hiki tunasoma stendi nzima, bro," akasema. "Kikitoka hapa kinaenda Nandagala, kinarudi Ijumaa. Kuna mtu alikificha wiki mbili, tukamwekea kikao."

"Kwa hiyo mnasoma kimoja wote?"

"Sasa kila mtu anunue chake, tutabishania nini?"

Uwesu akakipokea kitabu kile kama anapokea mtoto. Miezi yote alikuwa akihesabu vilivyorudi na kujiona mtu anayeongea peke yake chumbani. Kumbe kulikuwa na kikao. Kumbe watu wazima wenye shughuli zao walimwekea mwenzao kikao kwa ajili ya mtu wa karatasi. Akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Usituletee tena machozi," Bi Mwanne akasema, "sahani imejaa. Sikiliza, mtani. Huyu Ganda ni Mmwera mwenzio. Amekufa, sisi watani zake hatukuitwa. Hatukula, hatukumcheka, kaburi hatukulikalia. Msiba gani huo? Kwetu sisi bado yuko njiani anarudi nyumbani. Mwandikie arudi. Vitabu vyake nitaviuza kwa foleni, na anayetaka kuazima ataweka kiatu kimoja rehani."

"Nimeshaandika harudi. Herufi kubwa."

"Kalamu yako haina herufi ndogo?"

"Watu wataniona tapeli. Nawaliza leo, kesho nawaambia nilikuwa natania."

"Leo wewe umelizwa na hujafa," akasema Semeni. Alikuwa amechuchumaa na kipande cha boksi la biskuti, anachora kwa kalamu ya mkaa. Vidole vitano vyeusi vilikuwa vimeanza kusukuma tofali. "Kaka Uwesu, Kapteni Radi sitamchora. Simjui. Ila huyu hapa ukimwandikia, jioni hii naanza ukurasa wa kwanza."

Mama yake akainama kuuona mchoro. Akasema jambo kwa Kimwera, taratibu, na wanaokijua wakacheka kidogo. Alikuwa ameuliza kama kijana aliye chini ya kifusi ameshapewa maji ya kunywa.

Uwesu alitaka kukubali. Kila mtu pale aliona. Lakini mtu aliyefanywa mjinga mbele ya stendi nzima hupenda abakiwe na hoja moja ya kuondoka nayo. Akaitafuta, akaipata, na ilikuwa nzito. Akajiweka sawa, akakohoa, akazungumza kwa sauti ya mtu anayetoa mawaidha.

"Jamani, mimi nimelelewa madrasa. Tutaniane kwa yote, lakini hili hapana. Mtu akishakufa amekufa. Kufufua ni kazi ya Mungu peke yake. Sasa mimi Uwesu, na kalamu ya dukani, niingilie kazi hiyo?"

Mzee mmoja akaitikia kwa kichwa. Dereva wa boda akakishika kitabu chake chenye plasta, akatazama chini. Hata Semeni kalamu yake ilisimama. Uwesu akaivaa kofia, polepole, kama mtu aliyeshinda kesi na hataki kuonekana anajivuna.

Bi Mwanne akanywa chai yake mpaka mwisho, akaweka kikombe.

"Na ile ya kuua, mtani, walikwambia madrasa ni kazi ya nani?"