Mkwe na Mkamwana Uwanjani

Kamati ya mashindano ilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kuiambia kwamba inataka kufanya kituko. Ilikuwa na mwenyekiti, ilikuwa na karani wa kalamu mbili mfukoni, ilikuwa na kombe linalong'aa limefungiwa kabatini bomani. Mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, zamu ya kuandaa mashindano ya mpira ya Jimbo zima la Nyanda za Juu za Kusini iliangukia Mbeya, basi mji ukapakwa chokaa hadi mawe ya barabarani. Timu zingetoka Njombe, Chunya, Tukuyu na Iringa. Hao wa Iringa ndio waliokuwa wakiwanyima watu usingizi.

Sasa Bwana Mkubwa wa Jimbo akatoa neno. Siku ya fainali, wakati wa mapumziko, angewavika nishani raia wawili waliofanya kazi kubwa kuliko wote ya kuujenga uwanja. Neno zuri kabisa. Maana uwanja ule, kabla ya watu kuuvamia kwa majembe, ulikuwa mteremko wa mawe na nyasi ambao hata mbuzi aliupanda kwa kufikiri mara mbili. Kamati ikakaa, ikajadili, ikatoka na majina mawili, na hakuna aliyebisha: Mzee Sedekia, aliyewaongoza wanaume kuvunja mawe na kujenga ukingo, na Lusia, aliyewaongoza wanawake kubeba udongo kwa vikapu mpaka mteremko ukawa tambarare.

Tatizo ni kwamba Lusia alikuwa mkamwana wa Sedekia, mke wa mwanawe.

Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe wake hawaonani. Si kwamba wamegombana, la! Ni heshima. Akisikia mkwe anakuja, mkamwana huacha njia, hujitosa migombani, huchutama na kujifunika nguo kichwani mpaka mzee apite. Jina la mkwe halitaji. Mchungaji alishasema kanisani kwamba siku hizi si lazima kushika yote ya zamani, na wengine walishaanza kulegeza, lakini Mzee Sedekia hakuwa mtu wa kulegeza kitu. Tangu Lusia aolewe na Yotamu na kuzaa watoto, wa kwanza Anyitike, hakuwahi kuuona uso wa baba mkwe wake, na wote wanaishi kijiji kimoja upande wa Uyole.

Mtajiuliza basi walijengaje uwanja mmoja. Kwa zamu! Wanaume asubuhi, wanawake mchana. Mzee akikawia kuondoka, au akisahau shoka na kurudi kulichukua, alipofika kwenye mikaratusi alikohoa. Na kilikuwa kikohozi, si mchezo, kilisikika hadi sokoni. Wanawake wanapaza sauti, "Lusia, kikohozi hicho!" na Lusia huyoo, yuko katikati ya mahindi amejikunyata.

Mazungumzo yao yalikuwa vigingi. Mzee alichomeka vigingi pale alipotaka udongo umwagwe, na mchana Lusia alivikuta na kuvifuata. Mara moja tu alikataa. Aliona kona moja inatoa maji chini kwa chini, akang'oa vigingi vya mkwe wake na kuvichomeka mbali kidogo. Wenzake walishika vichwa. "Mama Anyitike, umechokoza nyuki!" Siku ya pili walifika wamejiandaa kwa matusi, wakakuta wanaume wamechimba mfereji pale penye maji, wamepanga mawe vizuri, na vigingi viko pale pale alipoviweka Lusia. Siku hiyo alibeba udongo huku akiimba.

Basi karani wa kamati, Bwana Liberatus, akaja nyumbani kwake na habari njema. Liberatus alikuwa Mhehe wa Iringa, kijana nadhifu, mcheshi, na ya Wanyakyusa hakuyajua hata robo.

"Kamwene, mama! Mmechaguliwa, wewe na Mzee Sedekia. Mtaingia uwanjani pamoja, bega kwa bega. Mtamsalimu Bwana Mkubwa, halafu ninyi wawili mtapeana mikono watu wote waone."

Lusia alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaona karani hatanii, kicheko kikamkatikia njiani.

"Bwana Liberatus, yule ni baba mkwe wangu."

"Vizuri zaidi! Familia moja."

Ilibidi Yotamu, mume wake, amvute karani nje na kumweleza. Liberatus alirudi ameshika kichwa. "Loo! Kwetu mimi ndiye ninayemkimbia mama mkwe, lakini si namna hii. Sasa tufanyeje?"

"Jambo dogo," akasema Yotamu, ambaye alikuwa golikipa wa Mbeya. "Mimi nitakuwa pale pale uwanjani. Nitampokelea."

"Wewe daka mipira," akajibu Lusia.

Alilisema kwa utani, lakini lilimuuma. Wanawake walipotengeneza njia ya kisimani, aliyeshukuriwa ni jumbe. Walipoezeka darasa la watoto, kanisani likasomwa jina la Yotamu, na Yotamu siku hizo alikuwa Chunya anatafuta dhahabu! Lusia hakuwa na choyo ya kipande cha bati. Alitaka mara moja tu katika maisha yake kitu alichokifanya kwa mikono yake kifike kwenye mikono yake. Na alijua wenzake wote waliobeba vikapu wangekuwa wanautazama mkono huo.

Akaenda kwa mama mkwe wake, Yudith, kwa sababu neno la kumfikia mzee lilipita huko. Yudith akamsikiliza, akaingia ndani, akakaa, akatoka.

"Amesemaje, mama?"

"Amesema amesikia."

"Amesikia, na nini tena?"

"Basi. Mwanangu, yule nimezeeka naye. Akisema amesikia, amesikia. Mengine hata mimi hunificha."

Liberatus naye akapanga lake. Mzee angeitwa kwanza, apokee, atokee upande wa goli la mbali. Lusia angengoja nje nyuma ya ua wa matete, karibu na mlango, na mzee akishatoweka, aingie. "Ila mapumziko ni mafupi, mama. Muda ukitubana, nishani yako nitampa Yotamu." Lusia aliitikia, lakini chakula cha usiku ule aliwaachia watoto.

Siku ya fainali baridi ya Julai ilikuwa inachoma masikio, na watu walijaa kama hawakuwahi kusikia habari ya baridi. Walitoka Uyole kwa miguu, wakatoka Ubaruku juu ya magunia ya mpunga, na malori ya Iringa yakaingia na vumbi na nyimbo. Fainali ilikuwa Mbeya na Iringa, kama ilivyotabiriwa. Nalisema mapema lisije likatuharibia mwisho: Iringa walichukua kombe. Haya, tumemaliza, tuendelee.

Mapumziko yalipofika, Lusia alikuwa nyuma ya ua na wanawake wenzake, amefunga kanga mpya, miguu ameipaka mafuta hadi magotini. Yudith alisimama karibu naye. Ndani, mwenyekiti wa kamati alishika bomba lake la bati la kukuzia sauti na kuanza kushukuru. Akashukuru serikali. Akashukuru machifu mmoja mmoja. Akashukuru mvua kwa kutonyesha. Refa akatazama saa, akatazama tena.

Liberatus akaja mbio, jasho linamtoka na baridi yote ile. "Mama Anyitike, nisamehe sana. Muda umekwisha. Tunamwita mzee peke yake. Yako nampa Yotamu."

Lusia alihisi kama amenyang'anywa kikapu kichwani. "Bwana Liberatus," alisema, "udongo ule sikuubeba kwa kichwa cha Yotamu."

Karani akatazama chini. Uwanjani bomba la bati likaita, "Mzee Sedekia!" na hapo hapo, mlangoni, mtu akakohoa.

Wanawake wote walikijua kikohozi kile. Lusia alichutama palepale, akavuta kanga ikamfunika uso, na gizani humo ndani ya kanga machozi yakamtoka, maana sasa mambo yamekwisha. Alingoja asikie hatua za mzee zikiingia na watu wakishangilia. Hakusikia hatua.

"Mzee Sedekia!" likaita bomba tena.

"Bwana karani," ilisema sauti ya mzee, taratibu, kama mtu anayezungumza na nguzo. "Mbele yangu kuna mtu. Aanze yeye."

"Mzee wangu, muda..."

"Muda ni wenu. Mimi sina haraka."

"Lakini mzee, umesimama mlangoni, na mlango wa kuingilia ni huu mmoja. Atapitaje?"

Pakawa na mtikisiko wa nguo, kisha mchakacho wa nyasi. Mwanamke mmoja akasema, "Mwe!" akaziba mdomo.

"Lusia," akanong'ona Yudith. "Inuka utazame."

"Mama, siwezi kutazama."

"Hakuna uso wa kutazama. Inuka, nakwambia!"

Lusia akafungua kanga kidogo, kwa jicho moja. Mlango ulikuwa wazi. Pembeni ya njia, upande wa uwanjani, ndani ya nyasi, mzee alikuwa amechutama, mgongo ameupa njia, koti lake la kaki amelivuta kichwani hadi likamfunika mabega. Mzee mzima, mzee wa kanisa, kiongozi wa wavunja mawe, amejikunyata nje ya njia mbele ya jimbo zima, hivi hivi wanavyojikunyata wakamwana.

Upande wa Iringa watu walianza kucheka. Si kosa lao, waliona mzee amejifunika koti. Upande wa Wanyakyusa hakucheka mtu. Wazee wa huko walisimama mmoja baada ya mwingine, wakavua kofia, na kicheko cha upande wa pili kikapungua, kikaisha. Liberatus, masikini, naye alivua ya kwake.

"Njia ni yake," ilisema sauti kutoka chini ya koti. "Mwambieni apite."

Lusia akapita. Kanga ilikuwa mabegani, uso wazi. Alikanyaga udongo alioujua kikapu kwa kikapu hadi katikati ya uwanja, na bomba la bati likaita jina lake, Lusia, si la mume wala la mtoto. Bwana Mkubwa alisema maneno ya Kizungu ambayo hakuyaelewa, akambandika nishani, akanyoosha mkono. Lusia akaushika. Vigelegele vya wanawake vilipasua ua wa matete, na golini kwake Yotamu alikuwa anafuta macho na kumlaumu mtu fulani kwa vumbi.

Alitokea upande wa goli la mbali, akazunguka kwa nje mbiombio, akarudi nyuma ya ua mahali pake. Akachutama tena, akajifunika, kwa kuwa mkwe wake alikuwa bado yupo upande wa pili wa matete, hajainuka. Refa alikuwa na kipenga mdomoni lakini hakuna aliyemhofia.

"Ndaga," alitaka kusema, yaani asante kwa Kinyakyusa. Haikuruhusiwa, akaimeza.

"Yudith," aliita mzee. "Amepokea?"

"Amepokea, baba Yotamu."

"Kuna mtu aliyempokelea?"

"Hapana. Kwa mkono wake mwenyewe."

Lusia akasikia nyasi zikichakacha, na kikohozi kidogo kabisa, cha mtu anayejisafisha koo. "Haya," alisema Mzee Sedekia, akikung'uta magoti. "Sasa niiteni."